Plagi ya Nne

Mtaa mzima ulimwita Kaza, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mkewe, fundi cherehani, mwaka wa kumi na tatu wa ndoa yao, siku aliyoshindwa kufungua chupa ya asali iliyofungwa na mumewe mpaka akaipeleka kwa jirani. Mume mwenyewe alikuwa fundi vioo. Ukimpa kioo cha dirisha atakishika kama mtoto mchanga, atakikata kwa pumzi moja, na hutaona hata mkwaruzo. Lakini mpe nati, skrubu, mfuniko au bomba la maji, utamwona mtu mwingine kabisa. Atakaza. Akishakaza ataondoka hatua tatu, atasimama, atarudi kukaza tena. Bomba la jikoni kwao lilifunguliwa kwa mikono miwili, mguu mmoja umekanyaga ukuta.

Tusimwonee, sababu alikuwa nayo. Miaka saba nyuma, kibarua wake alisahau kukaza nati moja tu ya fremu ya kuegeshea vioo nyuma ya pikapu. Kwenye tuta la barabara ya kuingilia mtaani, kioo cha mbele cha duka zima kilichomoka kikageuka chumvi. Kaza alifagia barabara kwa saa mbili, magari yanampigia honi. Tangu siku hiyo akashika imani moja, kwamba nati iliyofungwa na mkono wa mtu mwingine bado haijafungwa.

Sasa Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini ya pikapu ile ile, uani kwake, kichwa kimezama chini ya boneti. Kifuani ameweka mto wa kochi, ule wa maua, ambao mkewe hakukubali uguswe hata na mgeni aliyetoka kuoga. Lakini mkewe hakuwepo kuuona, na hilo ndilo lililomtoa Kaza kitandani mapema namna hii.

Mkewe aliondoka Jumatatu. Chanzo kilikuwa Jumapili, mezani kwa mama mkwe. Pikapu ilikuwa inakohoa mwezi wa pili sasa, ukikanyaga mafuta inajikwaa, ukiachia inatetemeka, na Kaza alishaamua kuwa plagi ndizo mbovu. Plagi hizo nne alifungiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi magari. Basi kati ya tonge na tonge, mbele ya mama mkwe, Kaza akasema kwamba shemeji amemfungia plagi kuukuu, pengine amezichomoa kwenye gari la mtu.

Shemeji akaacha kula. "Zilikuwa mpya, shemeji. Nilizitoa kwenye boksi ukiwa umesimama pale pale."

"Boksi linaweza kuwa jipya," Kaza akasema.

Mama mkwe akanawa mikono, na sahani yake ilikuwa bado nusu. Kesho yake shemeji akaja na gari lake la kazi, wakabeba cherehani. Angeondoka na nguo, Kaza angesema hasira zikipoa atarudi. Lakini ile cherehani, yenye meza na miguu ya chuma, kitu cha kubebwa na watu wawili wanaotoka jasho, haiondoki nyumbani kwa hasira za siku moja. Mlangoni mkewe akageuka.

"Nakupa mpaka Jumamosi saa sita mchana," alisema. "Uje mwenyewe, kwa gari lako, unichukue mimi na cherehani yangu. Na uliyoyasema mbele ya mama uyasahihishe mbele ya mama. Saa sita ikipita, usijisumbue."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, Kaza hakuwahi kumsikia akitaja saa. Mafundi cherehani hutaja siku, tena siku yenyewe ikifika wanakwambia kesho. Huyu alitaja saa. Kaza alilala usiku ule amekodoa macho, na nyumba ilikuwa kimya mpaka alisikia jokofu likiunguruma.

Mtu mwenye akili angekwenda Jumanne, kichwa chini, akaomba radhi, yakaisha. Kaza alikuwa na mpango. Angebadilisha plagi mwenyewe, kwa mkono wake, pikapu itulie, kisha afike kwa mama mkwe akiwa na zile kuukuu nne amezifunga kwenye kitambaa, aziweke mezani moja moja kama hakimu. Radhi angeomba, ndiyo, ila kwa maneno aliyokwisha kuyapanga wiki nzima akiwa juu ya ngazi: "Mama, naomba radhi kwa namna nilivyosema." Kwa namna. Siyo kwa jambo. Alijiona mjanja kweli.

Plagi nne, alijiambia, kazi ya saa moja. Haya.

Ya kwanza ilimla nusu saa. Aliingiza spana ya plagi, ile ya mrija, akavuta. Kimya. Akavuta kwa mikono miwili, spana ikachomoka, na vidole vyake vinne vikaenda kugonga rejeta. Alivinyonya kimoja kimoja, akilaani ukoo mzima wa mkewe isipokuwa mkewe. Kisha akaenda stoo, nyuma ya mlango, kwenye msumari wake maalumu, akachukua lile bomba la chuma lenye urefu wa mkono. Ukilivisha kwenye mpini wa spana, mpini unarefuka, na mtu mmoja anakuwa na nguvu za watatu. Alivuta, plagi ikatoa mlio wa kukera meno, ikazunguka, ikatoka.

Aliipangusa, akaiweka juu ya kipande cha kitambaa cheupe alichookota kwenye kapu la mkewe, na kwa kalamu yake nyeupe ya kuandikia vioo akaandika moja kwenye chuma chake. Ya pili ilitoka kwa jasho, akaandika mbili. Ya tatu ilitoka kwa jasho na damu, maana kidole cha kati kilichubuka tena, akaandika tatu. Wakati huo ilikuwa saa tatu na nusu, na Kaza alikuwa na furaha ya uchungu, furaha ya mtu anayezidi kupata ushahidi.

"Mwalimu," aliita juu ya ukuta, "hebu njoo uone kazi ya shemeji yangu."

Jirani yake, mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu aliyesahihisha watoto wa mtaa huu kwa miaka thelathini na hakuacha alipostaafu, alikuwa anaanika mashuka. Alichungulia na vibanio mdomoni, akavitoa.

"Naona chuma," alisema.

"Siyo kuona chuma. Angalia zilivyokazwa. Nimetumia bomba, mwalimu. Bomba! Fundi gani mwenye akili timamu anakaza plagi namna hii? Anafunga gari au anafunga kaburi?"

Mwalimu alimtazama Kaza, akatazama bomba, akatazama tena Kaza.

"Hapa mtaani," alisema taratibu, "mimi namfahamu mkazaji mmoja tu."

"Basi sasa wako wawili," Kaza akajibu, akarudi chini ya boneti. Mwalimu akatikisa kichwa, akarudisha vibanio mdomoni. Nyani haoni kundule, na ukimwonyesha atadhani ni la mwenzake.

Sasa ikabaki ya nne. Hii ilikuwa nyuma kabisa, imejibanza karibu na ukuta unaotenga injini na viti, mahali ambapo mkono unapita lakini jicho halifiki, na jicho likifika mkono haupati nafasi. Kaza alijaribu kulia, akajaribu kushoto. Alipanda juu ya bampa. Alishuka, akapanda kwa upande wa pili na mto wake. Alimwagia plagi mafuta ya kulegeza kutu, akaenda kunywa chai ya jana, akarudi, akavuta. Ni kama alikuwa anavuta nguzo ya umeme.

"Ibembeleze taratibu," mwalimu alisema kutoka ukutani. "Mbele kidogo, nyuma kidogo. Hata mtoto mkaidi humvuti sikio mpaka likatike."

"Mwalimu, hili ni gari."

"Ndiyo maana halilii. Lingekuwa mtoto ungeshaogopa."

Kaza akachomoa simu. Saa ya simu ilisema saa nne na dakika kumi. Kufika kwa mama mkwe ni nusu saa. Kuoga robo saa, na kuoga ni lazima, maana alinuka mafuta kuanzia nywele. Hesabu bado ilikuwa inakubali, ila kwa shida. Alivisha bomba kwenye spana, akaegemeza goti kwenye bampa, akavuta pumzi, akavuta chuma kwa uzito wake wote, na kwa hasira ya Jumapili na Jumatatu na siku zote tano za kula mkate mkavu.

Ikalegea. Kwa nusu sekunde alicheka. Kisha akaona spana imekuja nzima mkononi mwake, na ndani ya mrija wa spana kuna kichwa cha plagi na vipande vya kauri nyeupe, na chini kule shimoni kimebaki kisiki cha chuma, kimekaa pale pale, hakina kichwa wala pa kushika.

Alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Hakutukana. Mwalimu aliacha shuka moja likining'inia kwa kibanio kimoja, akasogea ukutani.

"Imekatika?"

"Imekatika."

"Saa sita, siyo?" Mtaa mzima ulijua habari ya saa sita. Kuta zao ni fupi.

"Saa sita."

"Basi kuna watu unaoweza kuwapigia simu," mwalimu alisema, na safari hii hakutania.

Alimpigia fundi wa kona. Yuko msibani, labda Jumatatu. Alimpigia fundi wa kituo cha mafuta. Huyo alicheka kwanza, halafu akasema plagi iliyokatika hagusi, asije akalipishwa injini. Simu ikabaki na jina moja, na Kaza alilitazama mpaka mwanga wa kioo ukazima. Aliuwasha tena. Kama ungemwambia akimeze kile kisiki kwa maji ya moto, angekuuliza kwanza maji yako wapi. Akapiga.

"Shemeji. Ni mimi."

"Nimeona jina."

"Plagi imekatika."

"Ipi?"

"Ya nne."

"Usiguse kitu," shemeji akasema. "Usiwashe. Usikaze, usilegeze. Ondoka karibu na hilo gari, nakuja."

Alifika saa tano kasorobo, mtu mnene, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyotembea taratibu kama ya mkunga. Alimsalimia mwalimu, akamuuliza hali ya mgongo. Kwa Kaza alitikisa kichwa tu. Hakusema nilikwambia. Ingekuwa nafuu kama angesema.

"Nipangusie pale juu, nione vizuri," shemeji alisema, akainama kutafuta vifaa vyake kwenye sanduku.

Kaza akachukua kitambaa, akapangusa mfuniko wa injini karibu na shimo la nne, masizi na vumbi la miezi. Chini ya masizi ikatokea alama ya vema, nyeupe, ndogo, mkia wake umepinda juu.

Aliifahamu. Nani asiyefahamu mwandiko wake? Ni alama ile ile aliyoweka pembeni mwa kila kioo alichokwisha kukikagua, kwa kalamu ile ile iliyokuwa mfukoni mwake sasa hivi. Na pale pale ile siku yote ikamrudia. Mvua. Shemeji amemaliza kufunga plagi, ameosha mikono, amekunywa chai, ameondoka. Na yeye Kaza, shemeji hajafika hata kwenye kona, amelichukua bomba nyuma ya mlango wa stoo, amefungua boneti, injini bado ya moto, amekaza ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne akaikaza zaidi kwa sababu alikuwa haioni. Kisha akaweka vema. Hakulowa hata kidogo, maana mkewe alisimama nyuma yake muda wote na mwavuli.

Moto ulimpanda Kaza kutoka shingoni mpaka masikioni. Alitazama mgongo wa shemeji ulioinama. Akalamba dole gumba, akaifuta ile alama kwa haraka, mara mbili, mpaka ikawa doa. Nasikitika kusema hivyo, lakini ndivyo alivyofanya.

Shemeji alikuja na kifaa chembamba cha pembe nne, akakigonga polepole ndani ya kisiki, tap, tap, tap, akakipaka grisi ili vumbi la chuma linate lisidondokee ndani. Akaanza kuzungusha. Nusu mbele, nusu nyuma. Akapumzika. Nusu mbele, nusu nyuma. Kaza alimtazama kwa robo saa nzima akitamani kunyang'anya kile kifaa avute. Kisha kisiki kikaanza kupanda chenyewe, bila kelele, kikatoka.

Shemeji alikiweka kwenye kitambaa cheupe pamoja na wenzake watatu, na hapo akaziona. Aliokota ya kwanza, akaigeuza, akaweka ukucha kwenye kile kipete laini cha chuma kinachokaa shingoni mwa plagi. Kilikuwa kimebanwa mpaka kimekuwa karatasi.

"Hizi zimekazwa vibaya sana," alisema. "Ona, hii kauri ina ufa. Ndiyo maana gari lilikohoa. Plagi mpya inafungwa kwa vidole, halafu spana robo ya mzunguko, basi." Akakunja uso kama anayetafuta kitu alichokiangusha. "Sasa nani alikaza hivi?"

Kaza alifungua mdomo. Mwalimu, ukutani, aliacha kuanika.

"Labda joto la injini," Kaza akasema.

Shemeji alitikisa kichwa polepole. Alifunga plagi mpya tatu, na ya nne akampa Kaza. "Funga wewe. Vidole kwanza mpaka ikae yenyewe."

Kaza alifunga kwa vidole. Akaweka spana. Robo ya mzunguko. Mkono ulimwasha kuongeza, ulimwasha mpaka begani.

"Inatosha, shemeji."

"Imeshika?"

"Imeshika."

Waliwasha. Injini ikanguruma sawasawa, bila kikohozi, na Kaza hakupata ile raha aliyoingoja wiki nzima. Ilikuwa saa sita kasorobo. Hakuna kuoga. Shemeji akaacha gari lake pale, akapanda naye, kwamba cherehani ni ya watu wawili. Kitambaa na plagi nne kuukuu kilikuwa katikati yao juu ya kiti, na kila kwenye shimo zilikuwa zinagongana.

Walipofika nusu ya njia, shemeji akasema, "Nimekuwa nikifikiria."

"Nini?"

"Siku ile nilikuwa na haraka, kulikuwa na mvua. Na mimi siku hizi nguvu za mkono sizipimi. Labda ni mimi." Alitazama nje. "Siwezi kuapa kuwa si mimi. Nitamwambia mama kosa ni langu, yaishe. Kazi yangu ni kufunga magari, siyo kuvunja nyumba ya dada yangu."

Kaza alikaza mikono kwenye usukani. Wiki nzima alitaka maneno haya haya, kutoka mdomo huu huu, na sasa alikuwa ameletewa mpaka kwenye kiti, bure. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Alinyamaza. Alinyamaza mpaka kwenye geti la mama mkwe.

Saa ya ukutani barazani ilikuwa saa sita na dakika kumi na nane. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona upindo wa gauni la mteja, mguu unakwenda, na hakuinua kichwa.

"Saa sita imepita," alisema.

"Najua."

"Dakika kumi na nane."

Cherehani iliendelea. Mama mkwe aliitikia salamu ya Kaza. Ndipo shemeji akakohoa.

"Mama, yale ya Jumapili tuyamalize. Leo nimeziona zile plagi. Kosa ni langu. Zilikazwa kupita kiasi, na nilizifunga mimi. Shemeji alikuwa na haki ya kukasirika."

Cherehani ikasimama. Mkewe akainua macho, siyo kwa kaka yake, kwa Kaza. Alimtazama jinsi anavyomtazama mteja anayedai hajanenepa, kwa macho yasiyohitaji futi ya kupimia. Na Kaza akaelewa kwamba anajua, na kwamba amejua tangu Jumapili, na amekaa wiki nzima hapa akingoja jambo moja tu, wala halikuwa gari.

Ile sentensi yake ya kwa namna nilivyosema ilikuwa tayari kwenye ulimi. Aliimeza.

"Si kweli," alisema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Mama, huyu hajakosa kitu. Plagi zilikuwa mpya na alizifunga vizuri. Nilizikaza mimi. Alipoondoka tu, nikachukua bomba nikazikaza zote nne, na nikaweka alama ya vema kuwa nimekagua. Leo asubuhi nimeiona ile alama. Nikaifuta asiione." Akainua dole gumba, na kweli, kati ya mafuta na damu iliyokauka, ncha yake ilikuwa bado nyeupe. "Na sasa hivi njiani ameniambia atabeba kosa, na mimi nikanyamaza. Nimemwita mwizi mezani kwako, na yeye amekuja kunitengenezea gari. Nisamehe, mama. Nisamehe, shemeji. Nimeona aibu."

Shemeji alikuwa anatazama lile dole gumba, na uso wake ulipita mahali pawili patatu kabla ya kutulia. Alikuwa na haki ya kukasirika na alikasirika, alienda akasimama kwenye ukingo wa baraza akiwapa mgongo.

"Nilikaribia kuacha kuuamini mkono wangu," alisema hatimaye, bila kugeuka.

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," Kaza akakubali.

"Na mwavuli nilishika mimi," mkewe akasema. "Bega liliniuma siku mbili."

Mama mkwe akamgeukia bintiye. "Ulikuwa unajua, na Jumapili ukakaa kimya kaka yako anaitwa mwizi?"

"Jumapili nilishikwa na ganzi, mama. Na kaka nilimwomba radhi Jumatatu, ila sikumwambia kwa nini." Alimtazama mumewe. "Ningesema mimi, huyu angebisha mpaka leo. Nilitaka nione kama kuna siku atalegeza kitu mwenyewe, bila mtu kumshika mkono."

Akarudi kwenye cherehani. "Ngoja nimalize upindo," alisema, na Kaza alingoja upindo dakika arobaini, amekaa kwenye ngazi na mafuta yake, hakupewa hata maji, na hakuomba.

Kupakia walipakia yeye na shemeji. Shemeji ndiye aliyefunga kamba, mizunguko mitatu na fundo moja, akapiga meza ya cherehani kofi dogo. Kaza alisogea. Mkono wake ulifika kwenye fundo, vidole vikaligusa. Mkewe alikuwa ameshika mlango wa gari, anatazama. Mama mkwe anatazama. Shemeji alikuwa anajipangusa mikono na hakutazama kabisa, na hilo lilimuuma Kaza kuliko yote. Akautoa mkono, akauweka mfukoni.

"Ahsante, shemeji," alisema.

"Nendeni salama. Gari langu nitalifuata kesho."

Waliondoka. Mkewe alikaa amepakata mkoba, kamba ya mkoba begani, kama abiria anayeweza kushuka popote. Kaza aliendesha macho mbele, masikio nyuma. Kila mlio ulikuwa cherehani. Kisha likaja lile tuta la kuingia mtaani, lile lile, na akapunguza mwendo mpaka mtu wa baiskeli akawapita. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka. Ya nyuma yakapanda. Huko nyuma chuma kikagonga mara moja, kwa nguvu.

Mguu ulienda kwenye breki. Shingo ilianza kugeuka. Mkewe alikuwa anatazama tu barabara. Kaza akairudisha shingo, akautoa mguu, gari likaendelea, na hakikufuata kishindo chochote.

Walipopita duka la kona, mkewe akauvua mkoba begani, akauweka chini, miguuni.

"Nyumbani maji yapo?" akauliza.

"Yapo," Kaza akasema. "Bomba la jikoni nitalilegeza tukifika." Habari za mto wa kochi hakuzigusa, maana mtu hawezi kukiri yote siku moja.